Hivi chuo kikuu kinamfundisha mtu kusomesha, au kinamfundisha somo tu?

#1 MajiYaMkanda
Salaam wadau. Mimi ni mkuu wa idara ya sayansi katika sekondari moja huku Lamu. Kila muhula wa pili tunapokea wanafunzi wa vyuo vikuu wanaokuja TP, yaani mazoezi ya kufundisha. Mwaka huu tuliletewa kijana wa B.Ed. (shahada ya elimu) Sayansi, Hisabati na Kemia, yuko mwaka wa tatu. Adabu anayo, mashallah. Andalio lake la somo limepigwa mistari kwa rula: dakika tano utangulizi, thelathini ukuzaji wa somo, tano hitimisho. Nikampa kidato cha tatu, mada ya moli.

Akaandika fomula ubaoni, akatoa mfano, akatoa zoezi. Mtoto mmoja akainua mkono: "Mwalimu, kwani gramu zina shida gani hata tuhesabu kwa moli?" Kijana akanyamaza kidogo, kisha akairudia fomula ileile kwa sauti kubwa zaidi. Mtoto akakaa chini.

Baadaye nikamuuliza amesoma nini chuoni. Akanitajia kemia ya kwanta, spektroskopia, kemia ya viumbe hai. Nikamwambia, vizuri, lakini kuna siku mhadhiri yeyote alikaa nanyi mkajadili kwa nini watoto hukwama kwenye moli? Akasema hapana. Yuniti ya mbinu za kufundisha kemia waliisoma, na ndani yake waliandikishwa faida na hasara za mbinu ya maswali na majibu.

Dai langu ni hili. Vyuo vyetu vinatoa mwanakemia nusu na mtaalamu wa elimu nusu, na hakuna mahali nusu hizo mbili zinakutana. Nipingeni.

#2 KaskaziTu
Sauti kubwa zaidi ndiyo mbinu niliyosomeshwa nayo tangu darasa la kwanza, na masikio yangu ni mazima hadi leo. Nimeweka mkeka, naendelea kusoma.

#3 BintiShela
Ami #1, shikamoo. Mimi nimemaliza B.Ed. Sanaa, Kiswahili na Historia, kwa hivyo hapa naitetea ngozi yangu.

Darasa letu la mbinu lilikuwa ukumbi mzima, waliochelewa wanasimama dirishani. Yale mazoezi ya kufundishana wenyewe kwa wenyewe kabla ya TP tuliyafanya kwa makundi, kila mtu dakika zake chache, wanafunzi wako ni wenzako wanaojifanya kidato cha kwanza. Mtu mzima na ndevu zake anainua mkono, "mwalimu, nomino ni nini?", huku anajizuia asicheke. Unajifunza nini hapo? Unajifunza kusimama mbele ya watu usitetemeke. Hilo nalo ni kitu, sikatai, lakini mtoto asiyeelewa kikweli humuoni mpaka uende TP.

Sasa TP yenyewe. Siku ya kwanza mwalimu niliyekabidhiwa kwake alinipa ratiba yake yote, akanionyesha kabati la vitabu, akapotea. Nilikuja kumuona tena siku ya kuaga. Kwa hivyo swali langu kwako, na usinikasirikie: huyo kijana wa moli, ulikaa naye KABLA hajaingia darasani?

#4 MajiYaMkanda
BintiShela, marahaba. Idara yangu ina walimu wachache wa TSC, tume ya serikali ya kuajiri walimu, waliobaki ni wa BOM, wa bodi ya shule, na mimi nina vipindi vya kidato cha nne vinavyonisubiri na mtihani wao wa mwisho, KCSE. Chuo kinaniletea barua ya kumtambulisha mwanafunzi na fomu moja. Fomu inaniuliza kama anavaa vizuri na anafika kwa wakati. Haiulizi kama anajua kuifafanua moli. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba mimi ni mkufunzi wake, na wala silipwi kwa hilo. Chuo kikitaka nimlee, kiseme.

#5 Maalim_Mstaafu
Wanangu, mimi ni S1 wa zamani, daraja la walimu wa sekondari wasio na digrii. Nilisomea Kenya Science Teachers College pale Ngong Road, chuo kilichojengwa miaka ya 1960 kwa msaada wa Uswidi. Kazi yake ilikuwa moja tu, kutoa walimu wa sayansi wa sekondari. Aliyekusomesha fizikia ndiye aliyekusomesha namna ya kuisomesha fizikia, na ukivunja kifaa cha maabara ulipelekwa karakana ukakitengeneze mwenyewe. Hakukuwa na kitivo cha huku na kitivo cha kule.

Watu wa yeo wanajua kemia kuliko sisi. Mimi hiyo kwanta siijui wala sioni haya kusema. Lakini nipe maji ya kisima, maji ya bahari na yai bichi, nitakusomesha ujazo na uzito mpaka mtoto akamsimulie mamake jikoni. Chuo kile kilimezwa na chuo kikuu, na pamoja nacho ikapotea ile ndia ya kumtengeneza mwalimu kuanzia mwanzo akiwa mwalimu.

#6 Nyongeza_Tu
Maalim, kwa faida ya vijana: kilichukuliwa na Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2007. Na mwaka huohuo wa 2007 ndipo Kilifi ilipopata chuo kishiriki cha Kenyatta, hiki tunachokiita leo Pwani. Kwa hivyo Pwani tulipata chuo chetu mwaka uleule Nairobi ilipopoteza cha walimu wa sayansi.

#7 KaskaziTu
Pwani si ilianza 2013 wewe?

#8 Nyongeza_Tu
2013 ndio ilipopata hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Kuanza ilianza 2007, na kabla ya hapo palikuwa chuo cha kilimo. Kaa kwenye mkeka wako.

#9 Msimamizi
Jamani, shule au chuo chenye lawama kisitajwe kwa jina. Historia tajeni mpendavyo.

#10 MhadhiriMsafiri
Nimeuona uzi huu nikasema nisipite kimya. Nafundisha kitivo cha elimu katika chuo kimoja cha umma.

MajiYaMkanda kaligusa penyewe, ila sababu si ile anayoidhania. Mwanafunzi wa B.Ed. ana mabwana watatu. Kemia anaisoma kitivo cha sayansi, ukumbi mmoja na wale wa shahada ya kemia tupu. Mhadhiri wa huko hajui nani humo ndani atakuwa mwalimu na nani atakwenda kiwandani, na hana sababu ya kujua. Hisabati hivyohivyo, idara nyingine. Falsafa ya elimu, saikolojia, mitaala, upimaji na tathmini anavipata kwetu. Mahali pekee pa kuunganisha yote hayo ni yuniti ya mbinu za somo, nayo ni chembe tu katika miaka minne.

Mmarekani Lee Shulman aliliandikia jambo hili mwaka 1986. Alisema kuna maarifa ya aina ya tatu, ambayo si ya somo lenyewe na wala si ya malezi kwa jumla. Ni kujua mada fulani inawatatiza watoto wapi, mfano gani unaifungua na mfano gani unazidi kuifunga. Mkemia hodari anaweza kuyakosa kabisa, na mtaalamu wa saikolojia naye akayakosa. Swali la yule mtoto, gramu zina shida gani, linakaa hapo. Jibu lake ni kwamba kemikali hukutana chembe kwa chembe, si gramu kwa gramu, na chembe hatuwezi kuzihesabu kwa macho, basi tunazipima kwa mafungu yenye idadi sawa. Kijana wako anayajua hayo. Hajawahi tu kutakiwa ayaseme kwa mtu asiyeyajua.

Ule ufundishaji mdogo anaoucheka BintiShela ulianza Stanford mwaka 1963, chini ya Dwight Allen na wenzake. Ulikuwa na masharti yake: somo fupi la dakika chache, mbinu moja tu kwa wakati, picha ya video inachukuliwa, mnaitazama pamoja, kisha unalirudia somo lilelile kwa kundi jingine. Sisi tumebakiza dakika chache. Video hakuna, kurudia hakuna. Utarudiaje na wanafunzi mia kadhaa na mhadhiri mmoja?

Kuna jambo moja hatulisemi hadharani. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala alizochapisha. Hapandishwi kwa kupanda boti kwenda kumkagua mwanafunzi Kizingitini.

#11 BintiShela
Shukran mhadhiri. Lakini umenijibu jambo jingine bila kukusudia. Kumbe hata nyinyi mnajua na mnaendelea hivyohivyo.

#12 KaskaziTu
Kuhusu boti. Mimi nilikuwa utingo wa boti za Faza kabla sijapata akili ya kukaa mitandaoni. Siku moja, miaka mingi sasa, tulimpakia asesa wa chuo, mkaguzi wa TP, ana begi la fomu na viatu vya kung'aa. Nahodha akamwambia maji yanakupwa, tusubiri. Asesa akasema ana ratiba. Tukaondoka. Tukakwama Mkanda, juu ya tope, jua la utosi, mpaka maji yakajaa jioni. Tulipofika shule imeshafungwa. Yule mwanafunzi wa TP alikuwa amewapanga watoto tangu asubuhi: anayejua jibu ainue mkono wa kulia, asiyejua ainue wa kushoto, ili mikono yote iwe juu. Chati za manila ukuta mzima. Asesa hakuona hata moja.

Alipewa alama gani sijui. Mwanafunzi nasikia ni prinsipo sasa.

#13 MhadhiriMsafiri
Nimecheka. Ndiyo maana wengi hupanga wanafunzi wao Kilifi na Mombasa, ambako asesa anamaliza shule tatu kwa siku akiwa ndani ya gari. Fungu la safari za TP likipunguzwa, visiwa ndivyo vinavyokatwa kwanza.

#14 HassanWaWitu
Naona mnabishana juu ya B.Ed. tu. Mimi nilisoma shahada ya biolojia kwanza, kisha nikafanya stashahada ya uzamili ya elimu, PGDE, mwaka mmoja. Njia hii naiona bora. Unaijua biolojia yako kikamilifu bila kukimbizana na falsafa za kina Plato, halafu unaamua mwenyewe, ukiwa mtu mzima, kwamba unataka kusomesha. Darasa letu la PGDE lilikuwa dogo na hakuna aliyekuwamo kwa bahati mbaya.

Mnakumbuka mwaka 2019 TSC ilipendekeza jambo kama hilohilo? B.Ed. iondolewe, mtu asome sanaa au sayansi kwanza, kisha mwaka wa ualimu. Wahadhiri wa elimu wakapiga kelele. Mhadhiri #10, nyinyi ndio mliolipinga.

#15 MhadhiriMsafiri
Tulipinga kwa sababu ada ya mwaka wa ziada ingembebesha mzigo mwana wa maskini. Na kwa sababu mwaka mmoja hautoshi kumbadilisha mtu aliyeketi miaka akisikiliza mihadhara. Ukishazoea kuhutubiwa, nawe utahutubia. Umesema hakuna aliyekuwamo kwa bahati mbaya. Mimi nimewafundisha wa PGDE waliokuja baada ya kukosa kazi za benki.

#16 HassanWaWitu
Na wa B.Ed. waliokosa udaktari je?

#17 UmmuSalim
Hapo kwa udaktari ndipo mnapopaita kwa jina. Mimi si mwalimu, ni mzazi. Mwanangu alitaka uuguzi, KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, wakamwangusha ualimu. Miaka minne anaamka kama mtu anayekwenda kulipa deni. Sasa mnashangaa mtoto wa kidato cha tatu akiuliza swali anajibiwa kwa sauti kubwa? Mtu hajaipenda kazi, mbinu atazitoa wapi? Mnatafuta dawa ya mguu na maumivu yako kichwani.

#18 Ngomeni_Fizikia
Bi Ummu, pole kwa mwanao, ila KUCCPS huwapa watu nafasi ya kurekebisha machaguo. Wengi huingiza ualimu wenyewe kwa sababu unawapokea, halafu wanasema wamepangiwa. Mimi ni mmoja wa walioingia bila mapenzi, na nimekuja kuipenda darasani. Kwa hivyo dawa yako ya kichwa hainihusu.

Tatizo langu ni jingine kabisa, na nashangaa mpaka sasa hakuna aliyeligusa. Niko upande wa Malindi, intani wa sekondari ya chini, JSS. Nilisomea Fizikia na Hisabati. Mnajua nasomesha nini? Hisabati, sawa. Sayansi Jumuishi, ambayo nusu yake ni biolojia niliyoiacha kidato cha pili. Ufundi. Kilimo na Lishe. Na Sanaa Bunifu na Michezo, maana mwenzangu wa pekee ni wa Kiswahili na Dini naye amebeba yaliyobaki. Watoto wangu wameigiza, wamechora, wamepiga ngoma, na mimi mwenyewe sijui kukamata hata kijiti. Yote hayo kwa shilingi 20,000 kabla ya makato.

Mabingwa mnabishana kama chuo kinanoa somo au ualimu. Chuo kilininoa kwa masomo mawili ya mtaala wa zamani wa 8-4-4, na wakati natoka mlangoni mwaka 2023 JSS ilikuwa imefunguliwa na mtaala ni wa umilisi. Hiyo kwanta na hizo mbinu za fizikia zote zimekaa kwenye sanduku.

#19 Nyongeza_Tu
Na hapo wamepunguza. Mwanzo yalikuwa masomo kumi na manne, kumi na mawili ya lazima na mawili ya kuchagua. Yakarudishwa tisa baada ya ile kamati ya mageuzi ya elimu ya Profesa Munavu.

#20 Ngomeni_Fizikia
Ahsante kwa kunikumbusha kwamba ningeweza kuwa na hali mbaya zaidi.

#21 Maalim_Mstaafu
Ngomeni, mwanangu, nakuonea huruma, lakini hapo ulipo una maabara kubwa kuliko ya chuo chochote. Mashamba ya chumvi ya Gongoni yako hapo. Uvukizaji, fuwele, ujazo, yote yamelala juani bure. Umewapeleka watoto?

#22 Ngomeni_Fizikia
Nimewapeleka, Maalim, na ndilo somo pekee ambalo hakuna aliyesinzia. Lakini sikufundishwa popote kwamba somo laweza kuanzia nje ya lango la shule. Nilibuni baada ya kuishiwa chaki.

Na si chumvi tu. Pale kwetu Ngomeni, ile minara ya Waitaliano baharini ndiyo iliyorusha satelaiti iliyoitwa Uhuru, mwaka 1967. Tuko karibu na ikweta, dunia inakusaidia kuisukuma roketi. Fizikia yote ya mwendo wa duara iko pale, na mtoto anaiona kila siku anapokwenda kuvua.

#23 Nyongeza_Tu
1967 ilirushwa San Marco 2, ya kwanza kutoka minara ile. Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ndiyo ikapewa jina hilo. Ilikuwa satelaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani.

#24 KaskaziTu
Huyu Nyongeza ana mke kweli?

#25 Mpare_wa_Tanga
Habari zenu majirani. Huku kwetu mwaka 2005 vilianzishwa vyuo vishiriki viwili vya elimu chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, DUCE pale Dar na MUCE Iringa. Vyote kwa ajili ya walimu wa sekondari. Somo na ualimu chini ya paa moja, kama anavyotaka Maalim #5. Mimi ni zao la kimojawapo. Na bado mhadhiri wangu wa hisabati alikuwa mtu wa hisabati na wa elimu alikuwa mtu wa elimu, ofisi zao zinatazamana na sikuwahi kuwaona wakinywa chai pamoja. Paa moja halitoshi, wakuu.

#26 Mswahili_Tampere
Salaam kutoka baridini. Naishi Finland, mke wangu anasomea ualimu wa biolojia. Nieleze ninayoyaona, si kwa kujigamba.

Mwalimu wa somo hapa lazima awe na shahada ya uzamili. Ndani yake kuna masomo ya ualimu ya alama 60, sawa na mwaka mzima wa masomo. Tofauti kubwa na kwetu ni hii: chuo kikuu kina shule yake. Shule halisi, watoto halisi, ila walimu wake kazi yao rasmi ni mbili, kusomesha watoto na kulea wanafunzi wa ualimu. Mke wangu alikaa nyuma ya darasa akitazama kabla hajagusa kalamu ya ubao. Kabla ya somo lake anakaa na mlezi: utaanzaje, watakwama wapi, wakikwama utafanyaje. Baada ya somo wanakaa tena. Wenzake wako nyuma wanaandika. Lile swali la BintiShela #3, huku limo kwenye mkataba wa kazi wa mlezi.

Rafiki yangu yuko Ujerumani. Kule mtu akimaliza chuo anakwenda shuleni miezi 12 hadi 24, kutegemea jimbo, kama mwalimu mwanagenzi, analipwa, na mwisho wake ni mtihani wa serikali.

#27 MajiYaMkanda
Haya ndiyo nilikuwa nasema #4. Mlezi analipwa na anatambuliwa.

#28 HassanWaWitu
Finland ni watu milioni tano na nusu na hela zao. Tena matokeo yao ya PISA, ule mtihani wa kulinganisha nchi, yamekuwa yakishuka tangu 2006. Tusiletewe Finland kila tukibishana.

#29 Mswahili_Tampere
Yameshuka kweli, wenyewe wanabishana sababu usiku na mchana. Lakini kukaa na mtu kabla ya somo hakuhitaji hela za Finland.

#30 BintiShela
Kunahitaji mtu asiye na vipindi vya kidato cha nne. Leo namtetea Ami kidogo.

#31 FasihiKwanza
Nimechelewa, nilikuwa nasahihisha. Mnazungumza kama kwamba sayansi ndiyo yenye shida peke yake. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, Lamu. Aliletwa msichana wa TP, Kiswahili na Jiografia, anatoka bara, bidii anayo. Chuoni amesoma sintaksia, fonolojia, nadharia za uhakiki, Umarx na ufeministi na vyote. Akaingia kidato cha pili kusomesha shairi. Akaanza kuhesabu mizani kwa vidole, ubaoni, mshororo kwa mshororo. Kumi na sita, kumi na sita, kumi na sita. Vina vikapigiwa mstari. Watoto wamelala.

Hao watoto, jamani! Wamelelewa kwenye maulidi. Wanazo kasida kichwani tangu hawajajua kusoma. Ukiwaambia waliimbe lile shairi, mizani wataisikia kwa masikio kabla hujafungua mdomo, na shairi likipungua mizani watakwambia wenyewe, "mwalimu, hapa panakwama". Yeye hakujua kwamba wanajua. Chuo kilimfundisha shairi, hakikumfundisha kuuliza watoto hawa wamekuja na nini.

Nikamwambia kesho yake, usihesabu, waachie waimbe, wewe sikiliza. Alifanya hivyo. Kelele zilifika ofisini kwa deputi. Asesa alipokuja wiki ile akampunguzia alama kwa "kushindwa kudhibiti darasa".

#32 UmmuSalim
Lo! Sasa huyo asesa naye alisomea wapi?

#33 MhadhiriMsafiri
FasihiKwanza, hili limenikaa. Fomu zetu zina nafasi ya andalio, utangulizi, vifaa, matumizi ya ubao, udhibiti wa darasa, hitimisho. Asesa wa shairi anaweza kuwa mtu wa uongozi wa elimu, hajaandika ubeti maishani, maana hatutoshi kila somo kupata mtu wake. Anakagua anachoweza kukiona, na udhibiti wa darasa unaonekana hata na asiyejua somo.

#34 HassanWaWitu
Basi tumerudi kwa Shulman wako. Hata asesa hana hayo maarifa ya tatu.

#35 Maalim_Mstaafu
Miye naongeza moja. Mwaka 1998 walikuya Wajapani na mradi wa SMASSE kwa walimu wa hisabati na sayansi. Sisi wazee tulinung'unika, tukasema tumesomesha miaka yote hii, tutafundishwa nini. Kumbe mchezo wao ulikuwa mwepesi: walimu wa somo moja mnatengeneza somo pamoja, mmoja analisomesha, wengine wanatazama, kisha mnalichambua somo, si mtu. Watoto wafanye, wajaribu, na kifaa kisipokuwapo mkibuni. Nilijifunza pale, nikiwa na mvi, mambo ambayo chuo hakikunipa. Kwa hivyo huenda tunakilaumu chuo kwa kazi ambayo si yake. Labda mwalimu hutengenezwa baada ya kuajiriwa, na wenzake.

#36 Ngomeni_Fizikia
Maalim, na mimi niliye peke yangu shule nzima nitatengenezwa na nani? Na yule wa Kiswahili na Dini?

#37 Maalim_Mstaafu
Hapo umenikamata. Mradi ule tulikuwa tunakusanyika wilaya nzima wakati wa likizo.

#38 Kijana_Mokowe
Samahani kuingilia. Niko mwaka wa kwanza B.Ed., KCSE nilipata B, lakini Jiografia ambayo ni somo langu la pili nilipata C tupu. Mwenzangu ananiambia TSC haiangalii, mradi una digrii. Ni kweli?

#39 Nyongeza_Tu
Si kweli. TSC inataka C+ kwa jumla NA C+ katika kila somo kati ya yale mawili ya kufundisha. Kuna watu wana digrii nyumbani na namba ya TSC hawana kwa sababu hiyo. Kabadilishe somo mapema, kabla ya mwaka wa pili.

#40 HassanWaWitu
Na chuo kilimpokeaje kwenye Jiografia bila kumwambia?

#41 MhadhiriMsafiri
Mokowe, nenda ofisi ya mkuu wa idara Jumatatu na cheti chako mkononi, usingoje barua. Hassan, baadhi ya vyuo huangalia wastani tu wakati wa kusajili, somo moja moja likasahaulika.

#42 Kijana_Mokowe
Ahsanteni sana. Nina B- ya Dini ya Kiislamu, nitauliza kama wataikubali pamoja na Kiswahili.

#43 BintiShela
Watakukubali, ni mchanganyiko wa kawaida. Na ukipangiwa TP chagua shule ambayo mwalimu wa somo lako yupo kweli. Piga simu kwanza, ongea naye yeye mwenyewe, usiongee na karani.

#44 MajiYaMkanda
Kuhusu hilo, wiki ijayo kijana wangu anaanza gesi na sheria ya Boyle. Mhadhiri, una orodha yoyote ya makosa ambayo watoto huyafanya kwenye mada hiyo? Nataka nimpe kabla ya somo. Mswahili #26, hata wewe muulize mkeo.

#45 Mswahili_Tampere
Mke wangu ni wa biolojia, lakini nitamwomba anitafutie mtu wa kemia.

#46 MhadhiriMsafiri
Orodha rasmi sina. Nina maswali niliyowahi kuyakusanya kwa wanafunzi wangu, nitakutumia usiku. La kwanza lao: kwa nini hewa ya ndani ya bomba la sindano lililozibwa hurudisha pistoni ukiiachia, na watoto wengi husema hewa "inataka kutoka". Mwache kijana awasikilize wakisema hivyo kabla hajaandika chochote ubaoni.

#47 KaskaziTu
Bomba za sindano ziko duka la dawa mkabala na gati, nyingi tu. Mimi nitazileta, ila mniruhusu niketi nyuma ya darasa.

#48 HassanWaWitu
Wewe utakaa nyuma ufanye nini? Tena mhadhiri hajanijibu #34. Kama asesa hana maarifa hayo, kwa nini alama za TP zisitolewe na mwalimu wa somo aliyeko shuleni?

#49 FasihiKwanza
Na huyo mwalimu akiwa ndiye yule wa BintiShela aliyepotea mpaka siku ya kuaga?